Somo: Siku ya Wapendanao ya nyumbani, kwa doti moja, kashata na kikuba

Dada zangu na kaka zangu, najua kuna walioanza kuulizia bei za keki na maua. Anayetaka kwenda hotelini na aende, sina neno naye. Somo hili ni la wale wanaotaka Februari 14 iwe sikukuu ya nyumba yao, watoto wakiwemo, na mwakani irudiwe vilevile. Chagueni vitu vichache ambavyo hata mwaka wa ukata mtavimudu. Mimi nawapa vya kwetu pwani, nanyi mtabadilisha kwa mujibu wa mnakoishi.

Hatua ya 1: Doti (inunuliwe Januari)

Khanga dukani huja doti, vipande viwili havijakatwa. Basi doti hiyo ndiyo zawadi ya wote wawili: mnaikata, kimoja chake, kimoja chako. Mwanaume wa pwani hana shida kujifunga khanga akiwa chumbani kwake. Wa bara kama anaona haya, atajifunika usiku wa joto, na Februari joto lipo.

Kazi kubwa iko kwenye jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa kwenye khanga. Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara wa Mombasa mwenye chapa ya "Mali ya Abdulla", ndiye anayetajwa kuwa alianza kutia methali kwenye khanga mwanzoni mwa karne ya 20. Tangu hapo khanga husomwa kwanza, kuvaliwa baadaye. Kwa hiyo ukifika Mtaa wa Uhuru pale Kariakoo, au Biashara Street kama uko Mombasa, mwambie muuzaji aikunjue mpaka jina lionekane lote. Usiibebe kwa sababu tu ni nyekundu. Kuna bwana nilimkuta dukani kashika "Japo sipati tamaa sikati", anampelekea mkewe wa ndoa! Hupati nini, baba, na mke yuko ndani? "Hasidi hana sababu" nayo mwachieni mwenye ugomvi na jirani. Jina lisome kama atakavyolisoma mwenzio siku mliyonuniana. Likipita hapo, lipa.

Nyumbani kateni katikati, pale pindo za vipande viwili zinapokutana, kisha pindeni ncha kwa mkono. Cherehani ni haraka, lakini kukaa wawili mnapinda nguo moja ndiyo sikukuu yenyewe. Kwenye kona, upande wa ndani, shoneni mwaka kwa uzi: 2027. Za miaka inayofuata zitawekwa juu yake sandukuni.

Hatua ya 2: Kashata za watoto

Za nazi, zile za rangi ya waridi. Mahitaji: nazi iliyokunwa vikombe 2 (msikamue tui), sukari kikombe 1 na nusu, maji nusu kikombe, iliki iliyotwangwa nusu kijiko cha chai, na rangi nyekundu ya chakula matone machache.

Chemsheni sukari na maji kwa moto wa wastani mpaka shira iwe nzito. Ukiichota kwa mwiko na kuiacha idondoke, tone la mwisho linavuta uzi. Tieni rangi, iliki na nazi, mkoroge bila kuacha mpaka mchanganyiko uachane na sufuria. Mimina kwenye sinia iliyopakwa mafuta kidogo, sawazisha kwa mgongo wa kijiko.

Jikoni ni mtu mzima peke yake, shira inaunguza vibaya kuliko maji. Watoto wanaingia wakati wa kukata, kashata ikiwa vuguvugu. Kata kwa kisu cha kawaida, umbo la almasi. Kopa ni nzuri, ila mabaki yake ni mengi na yataliwa kabla ya chakula.

Hatua ya 3: Bahasha

Kila mtu anaandika jambo moja jema alilotendewa mwaka huu na mtu wa nyumba hii. Asiyejua kuandika anachora. Zinasomwa mezani, zinatiwa kwenye bahasha, bahasha inakaa pamoja na khanga. Basi.

Hatua ya 4: Kikuba (kishada cha maua ya kunukia), watoto wakishalala

Asumini huchumwa jioni ikiwa bado matumba, maana hufunguka usiku. Zifunge kwenye kitambaa kibichi zisinyauke. Panga majani ya rehani, juu yake asumini, na vipande vya ua la mkadi kama umepata, kisha funga shina kwa uzi. Kimoja cha kifuani, kimoja cha kwenye mto wa kulalia. Chetezo cha udi kitangulie chumbani, kitolewe kabla ya kulala. Simu zikae sebuleni, na hapa sipokei rufaa.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mke wangu hapendi khanga kabisa. Nimpe nini?*
Kaka, mpe anachokipenda, lakini kiwe kitu cha kurudiwa. Kitenge, kitabu, hata mche wa kupanda uani. Ila muulize kwanza kama hapendi khanga au hapendi zile ulizomchagulia.

*Mume wangu yuko Muscat, anarudi baada ya miaka miwili. Nifanyeje?*
Mdogo wangu, kata doti, mpelekee kipande chake kwa mtu anayesafiri. Kifukize udi kwanza. Usiku wa siku yenyewe kila mtu ajifunike chake. Kwako wewe tu, ile sheria ya simu naiondoa.

*Mwaka 2027 Februari 14 itaangukia Ramadhani. Tuahirishe?*
Wengine hawaisherehekei kabisa kwa sababu ya dini, na hilo liheshimiwe. Kwa mnaotaka, kashata ziliwe baada ya futari, kikuba kibaki cha usiku. Au sogezeni yote hadi Idi, hakuna atakayewadai. Wakristo nao 2024 iliangukia Jumatano ya Majivu, na 2029 itakuwa hivyohivyo, kwa hiyo wenye kufunga wafanye siku moja kabla.

*Mimi ni mjane mwenye watoto watatu. Somo hili linanihusu?*
Linakuhusu, dada. Hatua ya 2 na ya 3 ni zenu kamili. Doti kata na binti yako, au na mama yako. Na kama marehemu ana jambo jema la kuandikwa, liandikwe, mlisome.

*Kashata zangu zimekataa kuganda, zimekuwa kama uji. Nimekosea wapi?*
Umetia nazi kabla shira haijavuta uzi, au nazi ilikuwa na maji mengi. Usitupe. Rudisha sufuriani, moto mdogo, koroga mpaka iachane na sufuria. Zikizidi upande wa pili na kuwa ngumu kama jiwe, nyunyizia maji vijiko viwili, pasha moto tena, na safari hii kata mapema.