Jinsi ya kukadiria idadi ya panya shambani bila kuwahesabu wote

Watu wengi wakitaka kujua shamba lina panya wangapi wanatega mitego, wanahesabu waliokamatwa, basi, jibu wameshapata. Hapana jamani. Hao ni waliokubali kuingia mtegoni tu, waliobaki nje hujui ni wawili au mia mbili. Unachotakiwa kujua ni hao uliowakamata ni sehemu gani ya wote, na hapo ndo alama inapoingia.

Wazo lenyewe ni jepesi. Raundi ya kwanza unakamata, unaweka alama, unaachia, unawapa muda wachanganyike na wenzao, halafu raundi ya pili unatega tena na kuangalia wangapi wana alama. Kama theluthi ya waliokamatwa raundi ya pili wana alama, basi wale wote uliowawekea alama mwanzoni ni kama theluthi ya panya wa pale. Petersen wa Denmark alianza na alama kwa samaki miaka ya 1890, Lincoln akapiga hesabu hiyo kwa bata wa Marekani mwaka 1930, ndo maana inaitwa Lincoln-Petersen.

Kabla ya yote shughulikia kibali. Tanzania utafiti unapita COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na wa wanyamapori unapita TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori) pia, usiruke hiyo hatua.

Mitego iwe ya kukamata mzima, ile ya boksi la bati inayoitwa Sherman. Ipange kwa mistari, mita 10 toka mtego hadi mtego, ndivyo SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine pale Morogoro, wanavyofanya kwenye gridi zao (maeneo ya mitego iliyopangwa kwa mistari) za panya shamba, na wao wanatega siku tatu mfululizo kila mwezi. Chambo ni siagi ya karanga umechanganya na unga wa mahindi, kidonge kidogo tu kule ndani mwisho. Tega jioni maana panya shamba anatembea usiku, na asubuhi ukague mapema kabla jua halijawa kali, kile kiboksi kikipata jua kinageuka oveni na panya anakufa humo ndani, mchana kifunge.

Kumtoa panya: vaa glovu kwanza, hawa wanabeba magonjwa, leptospirosisi ikiwemo. Vika mdomo wa mtego mfuko wa kitambaa, ushikilie usibaki upenyo, fungua mlango kisha inamisha mtego, atateremka mwenyewe. Mpime uzito humo humo mfukoni, halafu umbane taratibu kwa nje ya kitambaa hadi umshike ngozi ya shingo, toa mgongo wake nje, punguza manyoya kwa mkasi pale kiunoni upande wa kulia, sehemu ndogo tu kama ukucha. Kwa kazi ya siku chache alama hiyo inatosha, kama unataka kumfuatilia kila mmoja kwa miezi utahitaji hereni ndogo zenye namba. Andika namba ya mtego, jinsia, uzito, halafu muachie palepale alipokamatwa, sio pale ulipopaki pikipiki.

Hesabu sasa. Tuseme raundi ya kwanza umeweka alama 48, ya pili umekamata 60 na 20 kati yao wana alama. 48 mara 60 gawanya kwa 20 unapata 144. Ila namba zikiwa ndogo fomula hii inatoa jibu kubwa kuliko ukweli, kwahiyo tumia ya Chapman ya mwaka 1951: ongeza moja kwenye kila namba, zidisha, gawanya, mwisho toa moja. 49 mara 61 gawanya kwa 21, toa 1, inakuja 141. Na usitoe 141 peke yake, ukipiga hesabu ya mipaka yake kwa uhakika wa asilimia 95 ni kati ya 105 na 178, hiyo ndo ripoti ya kweli.

Hapa ndo naomba uwe makini kuliko kwenye fomula, maana kinachoharibu kazi mara nyingi ni masharti yake. Kundi lisibadilike kati ya raundi mbili, na panya shamba jike anaweza kuzaa watoto zaidi ya 10 kwa mkupuo mmoja, ukikaa mwezi mzima katikati vijana wapya wasio na alama watajaa mitegoni na jibu litapanda kuliko ukweli. Alama ikipotea, jibu linapanda vilevile. Halafu kuna panya anayeona mtego ni mgahawa, kila usiku yumo, huyo anashusha jibu, na kuna aliyeogopa baada ya kushikwa harudi tena, huyo analipandisha. Dawa yake ni kutega chambo siku chache milango ikiwa wazi kabla hujaanza ili wote wazoee, na kutega zaidi ya raundi mbili kwa namba za kila panya ili programu ya kompyuta kama MARK ikupimie hiyo tofauti. Kumbuka pia panya wa nje ya gridi nao wanaingia, kwahiyo usigawe kwa eneo la mitego tu ukasema hii ndo idadi kwa hekta.

Kama mnyama hashikiki, kamera inafanya kazi ya mtego na mwili wake ndo alama. Januari 2016 Kenya wananchi waliwapiga picha pundamilia wa Grevy siku mbili, siku ya kwanza ikawa kukamata, ya pili kukamata tena, kompyuta ikalinganisha mistari na makadirio yakaja kama 2,350. Wapiga picha waliambiwa upande wa kulia tu, kwasababu mistari ya kushoto haifanani na ya kulia na mnyama mmoja angehesabiwa mara mbili. Twiga ni vilevile, na papa potwe wa Mafia kwa madoa yake: chagua upande mmoja mwanzoni, waambie wote, na kila picha iwe na saa na mahali ilipopigwa.