Filamu ya kutisha ya pesa kidogo: jinsi ya kuitazama na kumpima mwigizaji mkuu

Filamu ya kutisha isiyo na pesa haiwezi kukuonyesha zimwi kila dakika. Hofu yote inabebwa na uso wa mwigizaji mkuu, kwa hiyo anayekaa kungoja zimwi huinuka akisema filamu ni mbovu. Mtazame yeye.

Ya kujifunzia ni Carnival of Souls ya mwaka 1962, dakika 78 hivi. Herk Harvey, mtengenezaji wa filamu za mafunzo kutoka Lawrence, Kansas, aliitengeneza kwa takriban dola 33,000, na yule mwanamume wa uso mweupe anayemwandama mhusika mkuu ni Harvey mwenyewe. Candace Hilligoss ni Mary Henry, mpiga kinanda cha kanisa anayetoka mtoni hai baada ya gari kutumbukia kutoka darajani. Usisome mwisho wake popote.

Haina hakimiliki Marekani, hivyo iko bure mtandaoni, lakini nakala nyingi zimechakaa. Kagua dakika chache za mwanzo: nyuso za wasichana garini zikiwa vivuli tu, tafuta nyingine. Faili lililobanwa sana hugeuza giza kuwa miraba miraba. Nakala ya DJ, yule anayesimulia filamu juu ya sauti yake, iache kabisa. Kwa filamu za ngumi DJ hunogesha, lakini hapa ataongea juu ya ukimya, na ukimya ndio kazi yenyewe.

Picha yake ni karibu mraba. Acha pembeni pawe peusi. Ukiivuta ijaze skrini, uso wa Hilligoss unapanuka na mashavu yake makavu yanapotea. Weka televisheni kwenye hali ya sinema na uzime mpangilio wa kulainisha mwendo (motion smoothing). Kisumu giza huwa limekolea kufikia saa moja na nusu, basi anza saa mbili, taa zikiwa zimezimwa. Mvua ikianza kupiga mabati, vaa vipokea sauti vya masikioni au ahirisha. Mara ya kwanza usisimamishe hata kidogo.

Siku ya pili rudia sehemu mbili.

Ya kwanza ni dukani. Mary anajaribu gauni, picha inacheza kama maji, na akitoka hakuna anayemwona wala kumsikia. Fikiria uko Oginga Odinga Street saa sita mchana, matatu na wachuuzi wote wakanyamaza ghafla, na unayemsemesha anakupita tu. Hilligoss hapigi kelele mara moja. Kwanza anauliza kwa adabu ya mteja, kisha anauliza tena, ndipo mwendo wake unaharibika. Hesabu ngazi hizo. Mwigizaji dhaifu angeruka moja kwa moja hadi kwenye ukelele, na angebaki bila pa kupanda. Anapogusa mti bustanini, ndege wanasikika tena. Angalia mabega yake wakati huo.

Ya pili ni kinanda kanisani. Itazame kwanza bila sauti. Kamera inafuata vidole, nyayo kwenye kanyagio, kisha uso, na macho yake yanamhama polepole huku mikono ikiendelea na kazi. Sasa rudisha sauti: muziki wa ibada umegeuka kitu kingine, hadi mchungaji anamshika mikono. Kama uliona badiliko hilo kabla ya kulisikia, sifa ni ya mwigizaji. Kama umelijua kwa muziki tu, sifa ni ya mtunzi, Gene Moore.

Kosa la kawaida ni kumwita Hilligoss mkavu. Mary ni baridi kwa kila mtu, kwa mchungaji, kwa mwenye nyumba, kwa jirani mlevi anayewaandama wanawake, na ubaridi huo ni uamuzi. Ukifika mwisho utajua sababu. Usimkate alama pia kwa sauti isiyooana na midomo, wala kwa wasaidizi wanaosema maneno kama wanayasoma. Hayo ni upungufu wa pesa.

Ukitaka kulinganisha, nenda kwa Judith O'Dea katika Night of the Living Dead ya 1968. Barbra wake hunyamaza sehemu kubwa ya filamu, hivyo kipimo cha sauti hakitakusaidia. Anza na mikono yake.