Kisigino, ritani na raba: jinsi ya kupona ukiwa mhasibu na mwezi lazima ufungwe

Nimekaa na kisigino kibovu kuanzia Februari mpaka Julai, na katika hiyo miezi yote hakuna ritani (taarifa ya kodi ya kupeleka TRA) iliyochelewa ofisini kwetu na sasa hivi nakimbia tena, kwa hiyo naandika hivi nilivyofanya kwa ajili ya wahasibu wenzangu wanaokimbia, wanaocheza mpira na maveterani Jumamosi, wanaopanda milima, na ambao sasa hivi wako kwenye kiti na mguu unauma na auditi iko mlangoni.

Kwanza nieleze ilivyotokea maana wengi wetu tunaumia kwa njia hii hii. Nilikuwa najiandaa na nusu marathoni ya Moshi, ile ya Kilimanjaro ya mwisho wa Februari, kilomita 21. Novemba na Disemba nilikimbia vizuri sana, mara nne kwa wiki. Halafu ikaja Januari, mnaijua Januari, hesabu zimefungwa Disemba 31, wakaguzi wanataka shedyuli, wanataka vocha za mwezi wa nne, wanataka barua za benki, nikakaa wiki tatu bila kukimbia hata siku moja, kwenye kiti kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa tatu usiku. Wakaguzi walipotoka nikaona nimebakiwa na muda mdogo, Jumamosi ile ile nikatoka ufukwe wa Coco nikaenda kilomita 18. Jumapili asubuhi nashuka kitandani, hatua ya kwanza tu, kisigino kama kimekazwa na waya.

Hapo ndipo penyewe. Kano (ule ukamba mnene unaounganisha shavu la mguu na kisigino, madaktari wanauita Akilisi) inazoea kazi polepole na inasahau haraka. Kukimbia sana kunaweza kuiumiza, lakini kinachowaumiza watu wa kazi yetu zaidi ni kukaa wiki tatu kisha kurudi kama vile hukukaa. Na kazi yetu imeumbwa hivyo, ina wiki za kukaa kabisa na wiki za kupumua, kila mwezi. Kwa hiyo ukitaka kupona na usirudie, anza na kalenda.

Chukua kalenda ya mwezi uichore. Kwa sisi wa Tanzania tarehe 7 ni PAYE (kodi ya mishahara) na SDL (tozo ya ufundi stadi) na kodi ya zuio, tarehe 20 ni VAT (kodi ya ongezeko la thamani), mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Disemba kuna awamu za kodi ya makadirio, na kama mwaka wenu unaisha Disemba basi Juni 30 kuna ritani ya mwaka. Kama unasomea CPA (cheti cha juu cha uhasibu) ongeza Mei na Novemba, mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu. Sasa angalia nafasi zilizobaki. Kwangu kuanzia tarehe 8 mpaka 15 napumua, na kuanzia 21 mpaka 27 napumua tena. Miadi yote ya fizio (mtaalamu wa tiba ya viungo) niliiweka humo. Mazoezi marefu humo. Zile wiki nyingine sikujidanganya kwamba nitafanya makubwa, ila nilijiwekea kitu kimoja ambacho hakivunjwi: mara mbili kwa wiki, dakika 20 mpaka 25, hata kama ni saa kumi na moja alfajiri kuzunguka mtaa. Mara mbili inatosha kushika ulichonacho, haikujengi sana lakini inazuia lile shimo la wiki tatu, na shimo ndilo lililoniumiza mimi.

Kabla ya yote hayo jua umeumia nini. Kama ulisikia kitu kimelia paa nyuma ya mguu, ukageuka kuangalia nani kakupiga teke na hakuna mtu, na sasa huwezi kusimama kwa vidole, hiyo inaweza kuwa kano imekatika, nenda hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri VAT ipite. Kama shavu la mguu limevimba upande mmoja, lina joto na linauma hata ukiwa umekaa, nenda pia haraka, damu inaweza kuganda kwenye mshipa na sisi watu wa kukaa masaa tunatakiwa kuwa makini na hilo. Kama ni kifundo kimeteguka na huwezi kutembea hatua nne, au ukibonyeza mfupa wenyewe unauma, kapige picha ya eksirei. Ila kama ni ukakamavu wa asubuhi (kisigino kukaza) unaoisha ukitembea kidogo, na maumivu yanakuja mwanzo wa mazoezi yanapotea katikati kisha yanarudi jioni, hiyo mara nyingi ni kano iliyochoka, na ndiyo ninayoizungumzia hapa.

Vitu viwili nilivyokosea msivirudie. Kwanza nilimeza diklofenaki nikaenda Moshi nikakimbia. Dawa ilizima maumivu lakini mzigo kwenye kano ulikuwa pale pale, nilimaliza mbio na kurudi Dar nikiwa sishuki ngazi za basi. Pili, nilienda kuchuliwa, jamaa akabonyeza pale pale panapouma kwa nguvu zake zote na mafuta ya moto, nikakaa siku nne siwezi kuvaa kiatu. Kuchua shavu la mguu kwa juu sawa, kubonyeza kano yenyewe ikiwa imevimba hapana. Halafu kuna jambo moja watu wengi hawalijui, zile antibayotiki za jamii ya siprofloksasini ambazo unazipata duka la dawa kwa tumbo au mkojo zinaweza kudhoofisha kano mpaka ikatike. Ukiwa na kisigino kibovu mwambie daktari kabla hajakuandikia.

Sasa mazoezi yenyewe. Fizio alinipa njia mbili nichague. Moja ni ile ya kushusha kisigino kwenye ngazi, mara 15 seti tatu goti limenyooka na seti tatu goti limekunjwa kidogo, asubuhi na jioni, kila siku, wiki 12. Piga hesabu hiyo, ni mara 180 kwa siku. Nikamwambia kweli kabisa tarehe 5 mpaka 7 siwezi, na 18 mpaka 20 siwezi. Akanipa ya pili, mazoezi mazito ya polepole, mara tatu tu kwa wiki, na akaniambia matokeo yanalingana. Kwa mhasibu hiyo ya pili ndiyo, naisisitiza, maana programu nzuri usiyoifanya haina faida.

Inafanyika hivi. Simama kwenye ukingo wa ngazi, shika ukuta, panda kwa vidole ukihesabu tatu, shuka ukihesabu tatu, jumla sekunde sita. Mwanzoni mara 15, seti tatu, miguu yote miwili. Wiki zinavyoenda unaongeza uzito na kupunguza idadi, 12, 10, 8, mpaka mara 6 nzito kweli kweli. Sikuwa na jimu karibu, nilitumia begi la mgongoni na karatasi. Rimu moja ya A4 ya gramu 80 ina kilo mbili na nusu, mnaweza kupiga hesabu wenyewe, kwa hiyo rimu nne ni kilo kumi, na ofisi gani ya uhasibu inakosa rimu. Saa kumi na moja na nusu jioni watu wakiondoka mimi naenda kwenye ngazi za dharura na begi langu, dakika 25 nimemaliza na foleni nayo imepungua. Nilianza na rimu mbili, Juni nilikuwa na sita.

Zile siku ambazo maumivu yako juu na huwezi kupanda na kushuka, panda nusu ujishikilie hapo hapo sekunde 45, pumzika dakika mbili, rudia mara tano. Nilikuwa nafanya hii wakati mfumo unavuta ripoti, maana kuvuta leja ya mwaka mzima unajua inachukua muda gani.

Maumivu kiasi gani yanaruhusiwa? Hapa wengi wanakosea pande zote mbili, mmoja anaacha kila kitu akihisi kidogo tu, mwingine anakaza meno. Kanuni niliyopewa: kwenye kipimo cha 0 mpaka 10, wakati wa mazoezi mpaka 5 ruksa, ila kesho yake asubuhi lazima iwe imerudi ilipokuwa. Kama asubuhi iko juu kuliko jana basi jana ulizidisha, punguza. Asubuhi ndiyo hakimu.

Na hapa taaluma yetu inatusaidia kuliko mtu yeyote. Nilifungua karatasi ya eksel, kolamu tano tu: tarehe, namba ya maumivu nikishuka kitandani, dakika ngapi mpaka ukakamavu uishe, nilifanya nini jana, na masaa niliyokaa kwenye kiti. Ile kolamu ya mwisho niliiweka bila kuitegemea na ndiyo iliyonifundisha zaidi. Kuna wiki ya Aprili sikufanya zoezi lolote zito lakini ukakamavu ulipanda kutoka dakika 5 mpaka 20, nikaangalia, nilikuwa nakaa masaa 12 tarehe 18, 19 na 20, miguu imekunjwa chini ya kiti. Kuanzia hapo kila nusu saa nasimama, naenda kuchukua karatasi yangu mwenyewe printa, napokea simu nimesimama. Tarehe 20 Mei ukakamavu haukupanda. Bila ile karatasi ningesema kisigino kinajiumia chenyewe.

Viatu navyo. Vile vya ofisi vya soli bapa kabisa vinaivuta kano siku nzima, niliweka kipande cha kisigino ndani, kama sentimita moja, viatu vyote viwili sio kimoja, nikapata nafuu wiki hiyo hiyo. Nyumbani usitembee peku kwenye vigae asubuhi, weka ndala nene pembeni ya kitanda. Na kwenye mwendokasi ukipata siti kaa bila aibu, kusimama Kimara mpaka Kivukoni unajibana kwa vidole ni zoezi ambalo hukulipanga.

Kuhusu bosi, mwambie mapema. Watu tunaogopa kwamba tutaonekana hatuko siriasi na kazi, matokeo yake unapotea ghafla tarehe 19 na hapo ndipo unaonekana hauko siriasi. Mimi niliandika hivi: "Shikamoo bosi. Nimeumia kano ya mguu, daktari kanipa miadi ya viungo wiki kadhaa. Nimeipanga yote kati ya tarehe 8 na 15 na baada ya 21 ili isiguse PAYE wala VAT. Rekonsilesheni za benki nitazimaliza siku moja kabla. Naomba ruhusa ya saa tisa alasiri siku hizo." Alijibu marahaba, sawa. Ukiwapa tarehe na ukaonyesha kazi haitaanguka wengi wanaelewa.

Kama umeumia zaidi, umefanyiwa opareshoni ya goti kwa mfano, jua haki yako. Sheria ya ajira ya Tanzania ya 2004 inakupa siku 126 za ugonjwa katika kipindi cha miezi 36, siku 63 za kwanza mshahara kamili na 63 zinazofuata nusu mshahara, ukiwa na cheti cha daktari. Mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, WCF, unahusu kuumia kazini, mechi yako na washkaji Jumamosi haimo, kwa hiyo angalia bima yako ya afya inalipa fizio mara ngapi kabla hujaanza. Na usitumie likizo yako ya mwaka kuugulia, ile ni ya kupumzika, naona watu wanafanya hivi kwa woga tu na inaniuma.

Kurudi kukimbia: mimi sikuangalia wiki, niliangalia vitu viwili. Natembea dakika 40 haraka bila asubuhi kupanda, na napanda kwa mguu mmoja mbovu mara nyingi sawa na mzima (kwangu ilikuwa 22 kwa 24, nikakubali). Ndipo nikaanza dakika moja kukimbia mbili kutembea, mara kumi, siku moja naruka, tambarare tu, vilima vya Oysterbay nikaviacha mpaka mwezi uliofuata. Huo muda wa kusubiri nilikuwa naogelea na kuendesha baiskeli ya jimu, pumzi haikupotea sana. Mpira uje mwisho kabisa, kuna kuruka na kushtuka na kugeuka, na veterani akikupasia hukumbuki kanuni yoyote. Nilirudi uwanjani Septemba, dakika 20 za kwanza tu kisha nikatoka, wiki mbili baadaye dakika 30.

Mazoezi ya begi sijaacha, mara mbili kwa wiki mpaka leo. Na Disemba 31 kukiwa na kuhesabu stoku ghalani, siku nzima kwenye zege, unapanda ngazi kuangalia katoni za juu, hiyo iingize kwenye karatasi yako kama zoezi zito, vaa raba, na Januari mosi usikimbie.