Somo: Jigi rahisi ya kuchimba mfereji wa rodi kwenye shingo ya gitaa

Seti ya nyuzi za chuma za gitaa la umeme, zile zinazoanzia unene wa inchi 0.010, ikishakazwa huvuta shingo kwa nguvu ya kama kilo 45. Gitaa kavu (lisilo la umeme) lenye nyuzi za 0.012 linapita kilo 70. Mbao peke yake, hata mninga uliokauka vizuri, itapinda tu baada ya muda. Ndiyo maana tunaweka rodi ya chuma ndani ya shingo, na wazo hilo si geni: Thaddeus McHugh wa kiwanda cha Gibson, Marekani, aliliombea hataza mwaka 1921. Rodi yenyewe siku hizi unainunua tayari. Kazi inayobaki kwa fundi ni mfereji wa kuilaza, na hapo ndipo shingo nyingi za wanaoanza zinapoharibikia.

Watu hudhani ugumu ni kunyoosha mfereji. Kunyoosha hata ubao wowote ulionyooka utakusaidia. Ugumu ni kuupata katikati, na kuhakikisha rauta (mashine ya mkono ya kuchimbia mbao) haikimbii hata nywele katika urefu wote wa sentimita 44. Jigi ninayoeleza hapa, yaani kifaa cha kuishika shingo na kuiongoza rauta, inashughulikia mambo hayo mawili, na unaijenga kwa vipande vya plaiwudi vilivyobaki karakanani.

Jambo la kwanza kabisa, kabla hujagusa msumeno: mfereji unachimbwa shingo ikiwa bado kipande cha mstatili, kingo zake mbili zikiwa zimerandwa sambamba. Ukishakata shingo iwe nyembamba juu na pana chini, umetupa kingo zako za kupimia na jigi hii haitakufaa.

Vipimo nitakavyotumia: kipande cha shingo mm 700 kwa 70 kwa 25, rauta ndogo ya mkono yenye kitako cha mraba cha mm 90, biti (kisu kinachozunguka) nyoofu ya mm 6, rodi ya pande mbili (inayoweza kuisukuma shingo mbele au nyuma) yenye upana wa mm 6, kimo cha mm 9 na urefu wa mm 440. Pima vya kwako. Rodi hasa, ipime mwenyewe kwa kalipa (kipimo cha unene cha milimita), usiamini kilichoandikwa kwenye tangazo la muuzaji.

HATUA YA 1: Kitanda na reli

Kata plaiwudi ya mm 18, urefu mm 900, upana kama mm 220. Hicho ndicho kitanda. Juu yake funga reli ya kwanza: ubao ulionyooka wenye upana wa mm 40 na kimo cha mm 24, yaani mm 1 chini ya unene wa shingo. Hiyo milimita moja ni ya makusudi, kwa sababu tunataka rauta ikae juu ya shingo, isikae juu ya reli. Kina cha mfereji kinapimwa kutoka uso wa shingo. Gundi na skrubu, na reli hii haisogei tena.

Reli ya pili, ya vipimo hivyohivyo, iweke mbali na ya kwanza kwa mm 85. Shingo ina mm 70, kwa hiyo inabaki nafasi ya mm 15 ya kupigia kabari. Chonga jozi mbili za kabari, nazo ziwe fupi kuliko kimo cha shingo zisije zikagonga kitako cha rauta. Kabari zinaisukuma shingo ibane kwenye reli ya kwanza, basi.

HATUA YA 2: Miongozo

Hapa usiwe na haraka. Miongozo ni mbao mbili nyembamba za mm 12 zinazofungwa juu ya reli, na rauta inapita katikati yake ikiguswa kushoto na kulia.

Pima kwanza umbali kutoka katikati ya biti hadi ukingo wa kitako cha rauta. Usigawanye 90 kwa mbili ukaridhika. Rauta nyingi za bei nafuu haziko sawa pande zote. Pima kutoka ukingo wa kitako hadi ubavu wa biti, kisha ongeza nusu ya unene wa biti. Tuseme umepata mm 45. Weka alama ya rangi kwenye upande huo wa kitako, na tangu leo upande huo ndio utakaogusa mwongozo wa kwanza, siku zote.

Nusu ya shingo ni mm 35. Toa 35 kwenye 45, inabaki 10. Kwa hesabu hiyo mwongozo wa kwanza ungekaa mm 10 ndani kutoka ukingo wa reli ya kwanza unaogusa shingo. Sisi tutauweka mm 9.5. Nusu milimita hiyo tunaikosesha kwa makusudi ili shingo ikae karibu mno na reli, halafu tuirudishe kwa karatasi. Kusogeza ubao uliokwisha kufungwa kwa skrubu kwa sehemu ya kumi ya milimita hakuna anayeweza. Kuongeza karatasi moja, mtoto anaweza. Karatasi ya kawaida ya fotokopi ina unene wa takriban mm 0.1.

Funga mwongozo wa kwanza. Weka rauta ikiwa imezimwa, iegemeze kwenye mwongozo huo, kisha leta wa pili uiguse upande wa pili na uufunge. Rauta iteleze bila kucheza. Ikikwama, sugua mshumaa kwenye kingo za miongozo kabla hujafikiria msasa.

HATUA YA 3: Kutafuta katikati

Chukua kipande cha majaribio chenye upana uleule wa mm 70, kirandwe pamoja na shingo yako kama unaweza. Weka karatasi tano kati yake na reli ya kwanza, piga kabari, chimba mm 2 tu kwenda chini, urefu wa kiganja, katikati ya kipande. Zima. Toa kipande, kigeuze kichwa kiwe mkiani (uso wa juu ubaki juu), kirudishe na karatasi zilezile, na upite tena palepale.

Sasa pima upana wa mfereji. Kama ni mm 6 kamili, uko katikati. Kama ni mm 6.4, kosa lako ni nusu ya ziada, yaani mm 0.2: ongeza au punguza karatasi mbili, jaribu tena mahali papya. Uzuri wa kugeuza ni kwamba kosa linajionyesha mara mbili ya ukubwa wake, kwa hiyo hata kosa ambalo jicho lisingeliona, kalipa inalikamata.

Ukishapata idadi sahihi, iandike kwa kalamu kwenye kitanda cha jigi.

HATUA YA 4: Vizuizi vya mwanzo na mwisho

Chora kwenye shingo mahali mfereji unapoanzia na unapoishia. Kutoka kila alama pima mm 42 kwenda nje (ile 45 ya nusu ya kitako ukitoa 3 ya nusu ya biti) na ufunge kipande cha mbao kati ya miongozo. Rauta ikikigusa, biti imefika kwenye alama. Kitako chako kama si sawa pande zote, pima upya kwa upande wa mbele na wa nyuma.

HATUA YA 5: Kuchimba

Miwani na barakoa. Vumbi la mvule na la mkongo linawasha pua na koo vibaya, na mninga una watu unaowasumbua. Chomoa plagi kila unapogusa biti.

Simama ili mwongozo wa kwanza uwe kushoto kwako na uisukume rauta kwenda mbele. Biti inazunguka kwa mwelekeo wa mishale ya saa ukiitazama kutoka juu, kwa hiyo ukisukuma mbele mbao inaitupa rauta kushoto, na kushoto ndiko unakoitaka. Ukivuta kurudi huku inachimba, itakimbilia upande wa pili.

Chimba mm 3 kwa mpito, mipito mitatu. Biti ya mm 6 ni nyembamba na ukiilazimisha mm 9 kwa mpigo mmoja itavunjika au itaunguza. Kila mpito ukiisha, safisha unga wote wa mbao ndani ya mfereji. Ukijaa hauna pa kutokea, unapashwa moto na kuchoma kuta.

Usizidishe kina. Piga hesabu: shingo iliyokamilika kwenye freti ya kwanza ina unene wa kama mm 21. Toa mm 6 za ubao wa vidole (ule wa juu wenye freti), toa mm 9 za mfereji, chini ya rodi zinabaki mm 6. Ukichimba mm 2 zaidi umebakiwa na 4, na siku ya kuchonga mgongo wa shingo utaona chuma. Kwa hiyo mpito wa mwisho uende kwa kujaribu rodi yenyewe: iingie kwa kusukumwa kwa kidole gumba na uso wake uwe sawa na uso wa mbao.

Kichwa cha rodi, pale pa kuingiza funguo, kwa kawaida ni kinene kuliko rodi yenyewe. Hapo panua kwa patasi, kidogo kidogo, ukijaribisha. Usiongeze kina isipokuwa rodi imekataa kabisa kulala.

Siku ya kubandika ubao wa vidole, funika mfereji kwa utepe wa karatasi wa wapaka rangi, paka gundi, bandua utepe, kisha weka ubao. Gundi isiguse rodi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, somo zuri. Lakini rauta yangu imekuja na gadi yake ya pembeni. Kwa nini nisiitumie hiyo tu?

Jibu: Unaweza, na wako mafundi wazuri wanaoitumia. Tatizo ni kwamba gadi inagusa upande mmoja. Inaizuia rauta isiingie ndani, lakini haizuii isitoke nje. Mkono ukilegea kidogo kwenye mshipa mgumu wa mbao, mfereji una tumbo, na rodi inayocheza ndani ya tumbo hilo utaisikia ikilia kila ukipiga nyuzi. Kama huna budi kuitumia, funga gadi mbili, moja kila upande.

Swali: Kipande changu kimerandwa kikabaki mm 68. Jigi nimejenga ya 70. Nianze upya?

Jibu: Hapana, fundi. Upana umepungua 2, kwa hiyo katikati imesogea mm 1 kuelekea reli ya kwanza. Ongeza mm 1 pale penye karatasi. Usiweke karatasi kumi, zinabonyea. Randa kipande chembamba cha mbao cha mm 1 uchanganye na karatasi zako za kawaida. Kisha rudia jaribio la kugeuza.

Swali: Rodi yangu ni ya robo inchi, mm 6.35, na huku nilipo napata biti ya 6 tu.

Jibu: Kwanza onyo: shina la biti la mm 6 usilibane kwenye koleti (sehemu ya rauta inayoshika biti) ya robo inchi. Litaonekana limeshika, halafu litachomoka likizunguka. Shina na koleti ziwe za kipimo kimoja.

Ama upana wa mfereji, jigi hii ina njia. Toa karatasi mbili kwenye idadi yako sahihi, chimba, geuza shingo kichwa mkiani, chimba tena. Utapata mm 6.4 ikiwa katikati vilevile. Kumbuka tu kwamba ukigeuza, vizuizi vya mwanzo na mwisho navyo vihamishwe.

Swali: Shikamoo mzee. Mimi nataka kichwa cha gitaa kilicholala nyuma, na nimeshakiunganisha kwa gundi. Jigi itakubali?

Jibu: Marahaba. Itakubali ila haitafurahi. Kichwa kikilala, kitako cha rauta kinakosa pa kukalia mwishoni na kinaweza kuinama, biti ikazama. Kata kipande cha mbao chenye mlalo huohuo, kiweke juu ya kichwa ili uso urudi kuwa bapa, kishike kwa utepe wa gundi pande mbili. Shingo itakayofuata, chimba mfereji kwanza ndipo uunganishe kichwa. Na ile mbinu ya kugeuza ifanye kwenye kipande cha majaribio, si kwenye shingo.

Swali: Gitaa la nyuzi za nailoni nalo linahitaji?

Jibu: Mara nyingi halihitaji. Nailoni inavuta kama nusu ya nyuzi za chuma za gitaa kavu, na shingo zake ni nene. Magitaa mengi ya aina hiyo hayana rodi.

Swali: Fundi, nina rodi ya zamani ya upande mmoja, chuma kimoja chenye nati mwishoni. Mfereji ni huuhuu?

Jibu: Huo ni mfereji mwingine. Rodi ya aina hiyo hulazwa ikiwa imepinda, kina kikiwa kikubwa katikati ya shingo na kidogo kwenye ncha, kisha hufunikwa kwa ubao mwembamba uliochongwa kufuata mpindo huo. Miongozo ya jigi hii itakusaidia kukaa katikati, lakini rauta itabidi ipande juu ya reli zilizochongwa kwa mpindo, ndefu kuliko kimo cha shingo. Kwa shingo ya kwanza, dada au kaka, nunua rodi ya pande mbili.

Swali: Niko Tanga, mbao nimeletewa kutoka Dodoma wiki hii. Nichimbe tu?

Jibu: Subiri. Mbao iliyokaa bara kwenye ukavu ikifika pwani inavuta unyevu na inatanuka. Iache karakanani wiki kadhaa, ikiinuliwa kwa vijiti hewa ipite chini, ndipo uirande upate kingo sambamba. Mninga una sifa ya kutosinyaa wala kutanuka sana, lakini kingo ulizoranda leo kwenye mkangazi mbichi, kesho si sambamba tena, na jigi itafuata kingo hizo kama zilivyo.