Somo: Vijimwani vya tope la Mikindani vinavyojikinga na jua

Habari za jioni wanakikundi. Juzi ilitumwa hapa picha ya tope la kahawia la Mikindani, na lile si uchafu wala mafuta ya boti. Ni diatomu, vijimwani vya seli moja, vimejitandaza juu ya tope. Huku kwetu Mtwara maji ya bamvua (siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu) hupwa kuelekea saa nne, saa tano asubuhi, basi tope linabaki wazi jua likiwa linapanda. Tuone vinavyohimili miale ya urujuanimno, ile inayochubua ngozi.

Hatua ya 1. Shuka kando ya mikoko maji yanapotoka. Mwanzo tope ni la kijivu. Vuta subira, litaanza kupiga rangi kama chai ya rangi iliyomwagika: vijimwani vinapanda kufuata mwanga.

Hatua ya 2. Tandika tishu nyembamba juu ya tope, iloweshe kwa maji ya bahari, iache kama saa moja. Vitapanda na kuingia humo. Inua taratibu, isuuze kwenye glasi ya maji ya bahari. Mwenye hadubini ataona vitu kama vijingalawa vikiteleza bila kasia.

Hatua ya 3. Weka kipande cha kioo cha dirisha juu ya vijiti vinne, hewa ipite chini, la sivyo utavipika. Kioo hukata karibu UV-B yote (urujuanimno mkali, urefu wa wimbi nanomita 280 hadi 315) lakini hupitisha mwanga na sehemu kubwa ya UV-A (urujuanimno usio mkali hivyo). Linganisha rangi ya chini ya kioo na ya pembeni kila robo saa: rangi ikififia, vijimwani vimezama topeni. Usitumie boksi, maana gizani pia huzama. Na hapo ndipo utamu wa somo: kinga ya kwanza ya diatomu wa topeni ni kukimbia. Tope la chini ya milimita moja tu ni kivuli tosha.

Hatua ya 4 ni ya kufikiria tu. Vinavyoelea baharini vikimbilie wapi? Baadhi hutengeneza mikosporini, viambata vinavyonyonya miale ya nanomita 310 hadi 360. Diatomu nao hugeuza rangi yao ya diadinozanthini kuwa diatozanthini, nishati iliyozidi ikatoka kama joto. Hata hivyo UV-B hupenya na kugandanisha timini mbili jirani (timini ni moja ya herufi nne za DNA), uzi ukapata fundo. Kimeng'enya cha fotolaisi hulifungua, tena kwa nguvu ya mwanga wa bluu na UV-A. Jua lile lile lililofunga!

MASWALI

Msimbati: Mwalimu, maji ya kwetu unaona hadi chini. Miale inafika wapi?
Jibu: Kwenye maji maangavu UV-B hushuka mita kadhaa. Maji yakichafuka kwa tope la mto Ruvuma, au yakiwa na rangi iliyotoka kwenye majani ya mikoko, haishuki sana. Na tuko nyuzi 10 kusini, jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka, Februari na Oktoba.

Lindi: Shikamoo mwalimu. Maji ya mashamba ya chumvi yakigeuka mekundu, ni ugonjwa?
Jibu: Marahaba. Si ugonjwa. Mara nyingi kuna Dunaliella salina, kijimwani kinachojijaza beta-karotini, rangi ile ile ya karoti, chumvi na jua vikizidi. Vipo na vijidudu vingine vyekundu vipenda chumvi, kwa hiyo wekundu wote usiupe Dunaliella.

Mtwara mjini: Mimi tishu niliiacha tangu saa tatu hadi maji yalipoanza kurudi. Imetoka nyeupe pee. Nimekosea wapi?
Jibu: Umechelewa kuinua, mwanangu. Kabla maji hayajarudi huwa vimeshashuka topeni. Rudia bamvua ijayo, uinue saa nne.