Namna ya Kuendesha Duka la Dawa Linalowajua Watu Wake

Mfamasia mwenye duka lake mwenyewe katika mji mdogo hawezi kushindana kwa bei na kampuni yenye matawi mengi, kwa kuwa kampuni hiyo hununua kwa shehena na yeye hununua kwa katoni. Akiingia katika vita hivyo atashindwa, tena mapema. Alichonacho yeye ni kwamba mtu yuleyule husimama nyuma ya kaunta mwaka baada ya mwaka akiwahudumia watu walewale, na kwa hiyo huona mambo ambayo daktari anayemwona mgonjwa mara mbili kwa mwaka hana nafasi ya kuyaona. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuufanya ujuzi huo wa watu uwe huduma yenye utaratibu, maana ukikaa kichwani tu haumfai mgonjwa siku ambayo mfamasia mwenyewe hayupo.

Anza na daftari la wagonjwa

Kabla ya kupaka duka rangi au kutundika bango, fungua kumbukumbu ya kila mgonjwa anayetumia dawa kwa muda mrefu, kama vile mwenye shinikizo la damu, kisukari, pumu, kifafa au ugonjwa wa moyo. Iwe ni kwenye kompyuta au kwenye daftari kubwa lililopigwa mistari kwa mkono, yanayoandikwa ni yaleyale: jina, umri, uzito ikiwa ni mtoto, dawa zinazomletea mzio, maradhi aliyonayo, dawa zote anazotumia, na tarehe ya kila mara alipokuja kuzichukua. Dawa za mitishamba na zile zinazonunuliwa bila cheti cha daktari ndizo watu husahau kuzitaja, kwa hiyo ziulizie moja kwa moja. Ukiuliza tu, "Unatumia dawa gani nyingine?" utajibiwa kwamba hakuna, na huyo anayejibu ana vidonge vya maumivu mfukoni.

Vidonge hivyo vya mfukoni vinaweza kumdhuru. Anayetumia warfarin ili damu isigande, akinunua aspirini au ibuprofen kwa ajili ya goti linalomuuma, anaongeza hatari ya kuvuja damu tumboni. Mwenye presha anayetumia enalapril pamoja na dawa ya kuongeza mkojo, akiongeza ibuprofen kwa siku kadhaa mfululizo, anaweza kuziumiza figo zake. Yote haya yanaonekana kwenye ukurasa mmoja, alimradi ukurasa huo upo.

Nitoe mfano mmoja kwa urefu. Mzee anakuja kununua dawa ya kikohozi. Baada ya wiki mbili anarudi kuchukua chupa ya pili, na mwezi unaofuata anaomba ya tatu. Hana homa, hatoi makohozi, hajakonda; ni kikohozi kikavu tu kinachomkera zaidi usiku. Muuzaji asiye na kumbukumbu atampa chupa ya tatu, pengine ya bei ya juu kuliko zile mbili, na hakuna atakayemlaumu. Wewe ukifungua ukurasa wake unaona kwamba wiki tatu kabla ya chupa ya kwanza mzee huyu alianza kutumia enalapril, dawa ambayo, pamoja na ndugu zake captopril na lisinopril, inajulikana kuwaletea baadhi ya watumiaji kikohozi kikavu. Hapo hakuna chupa itakayomsaidia. Mwandikie daktari wake barua fupi yenye tarehe hizo zote na kumwomba afikirie dawa ya kundi lingine, kama losartan, kisha mwambie mzee asiiache dawa ya presha kwa uamuzi wake mwenyewe kabla hajaonana na daktari. Kikohozi kilichozidi wiki mbili kinatakiwa kuchunguzwa kwa vyovyote vile, kwa sababu kinaweza kuwa kifua kikuu, lakini barua yako humwonyesha daktari mahali pengine pa kuangalia. Umekosa faida ya chupa moja. Mzee huyo, hata hivyo, ana watoto na wajukuu, na kisa hicho atakisimulia.

Tarehe za kuchukua dawa nazo zina lugha yake. Mtu aliyepewa vidonge 30 vya kumeza kimoja kwa siku, akirudi baada ya siku 45, amemeza dawa siku mbili katika kila tatu, hata kama presha yake atakuambia "iko sawa tu." Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2003 kwamba katika nchi tajiri, wagonjwa wa maradhi ya kudumu wanaofuata matibabu yao kama walivyoelekezwa ni wastani wa asilimia 50 tu, kwa hiyo usimwone mteja wako kuwa mkaidi wa pekee. Usimkaripie pia. Swali linalopata jibu la kweli ni lile linalomwachia heshima yake: "Mama, watu wengi hupitiwa. Wiki hii iliyopita umeruka siku ngapi?" Baada ya hapo sababu zitatoka zenyewe: fedha zilipungua, dawa inamkosesha usingizi kwa kumwamsha kwenda haja ndogo, au alijisikia vizuri akadhani amepona. Kila sababu ina tiba yake. Dawa ya kuongeza mkojo, kwa mfano, mara nyingi huweza kuhamishiwa asubuhi, na tatizo likaisha bila kubadilisha chochote kingine.

Maneno ya kaunta

"Moja kutwa mara tatu" ni maneno ambayo kila muuza dawa huyatamka na ambayo wagonjwa wengi huyaelewa kila mmoja kivyake. Wapo wanaomeza vyote vitatu kati ya asubuhi na jioni, kisha usiku mzima mwili unabaki bila dawa. Sema saa zenyewe, ziandike kwenye bahasha ya dawa kwa maandishi makubwa, na kabla mtu hajaondoka mwombe akueleze kwa maneno yake atakavyotumia. Usimuulize kama ameelewa, kwa sababu jibu la swali hilo huwa ni ndiyo.

Dawa za maji za watoto zinahitaji uangalifu kupita zote. Vijiko vya nyumbani havilingani, na kijiko kinachoitwa cha chai kinaweza kubeba pungufu au zaidi ya mililita 5 zinazokusudiwa. Toa bomba la kupimia, lisilo na sindano, pamoja na kila chupa. Chora mstari kwa kalamu ya wino usiofutika pale kipimo cha mtoto kinapoishia, kisha vuta maji hadi kwenye mstari huo mzazi akiona, na yeye arudie mbele yako. Ikiwa ni antibiotiki ya unga inayochanganywa na maji, ni afadhali uichanganye mwenyewe hapo dukani, kwa maji safi hadi kwenye alama, uandike tarehe ya kuchanganywa na tarehe ya kuitupa kwa kufuata maelekezo ya kiwandani, ambayo kwa dawa nyingi za aina hiyo ni siku 7 au 14. Mzazi aliyeonyeshwa namna hii mara moja hukosea kwa nadra sana, nami naamini dakika hizo nne ndizo zenye thamani kubwa kuliko zote katika siku ya mfamasia.

Zipo dawa chache ambazo kosa la maneno linaua. Methotrexate inayotolewa kwa ugonjwa wa baridi yabisi humezwa mara moja kwa wiki. Aliyeimeza kila siku kwa kufuata mazoea ya dawa zake nyingine yumo hatarini. Andika jina la siku yenyewe, kwa mfano "Jumatatu tu," wala usitosheke na kuandika "mara moja kwa wiki."

Kukataa kuuza

Huu ndio mtihani wa duka la mji mdogo, kwa kuwa anayeomba ni jirani, na duka la pili huenda likampa unachomnyima. Mafua ya kawaida husababishwa na virusi, na antibiotiki haiui virusi. Kuitoa ni kumpa mtu madhara bila faida na kuwazoesha vimelea wa mji mzima kuihimili dawa ambayo kesho itahitajika kwa nimonia. Ukikataa, usimwache mtu aondoke mikono mitupu. Mweleze kwamba mafua mengi huisha ndani ya siku 7 hadi 10, mpe kitu cha kushusha homa kama anayo, na umtajie dalili zitakazomlazimu kwenda kwa daktari. Ukimpa parasetamoli, mkumbushe kwamba mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa siku, yaani vidonge vinane vya miligramu 500, na kwamba dawa nyingi za mafua tayari zina parasetamoli ndani yake.

Kwa mtoto anayeharisha, kinachotakiwa kwanza ni chumvichumvi ya kuongeza maji mwilini, ikichanganywa katika kiasi kamili cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti, pamoja na zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa mtoto wa chini ya miezi sita. Dawa ya kufunga tumbo asipewe. Mtoto mwenye macho yaliyozama, asiyeweza kunywa, aliyelegea, au mwenye damu kwenye choo, aende kituo cha afya saa hiyohiyo, na ikiwezekana wewe upige simu kabla hajafika.

Simu hiyo itapokewa vizuri iwapo ulikwisha kujenga uhusiano na madaktari na wauguzi wa eneo lako wakati hakuna dharura. Nenda ukajitambulishe, uliza ni saa ngapi hupenda kupigiwa, na waeleze ni dawa zipi unazo na zipi hupatikana kwa taabu. Ukiona kosa kwenye cheti, mpigie daktari kabla ya kusema lolote mbele ya mgonjwa, na uliweke kama swali: "Daktari, nimeona mgonjwa ana mzio wa penisilini, nawe umemwandikia amoxicillin, tubadilishe?" Usipokee wala kutoa kamisheni kwa ajili ya vyeti. Mji mdogo hauna siri ya namna hiyo.

Akiba na mikopo

Daftari la wagonjwa ndilo liongoze manunuzi yako. Ukijua kwamba watu kumi na wawili hutumia dawa ya kifafa ya aina moja, unajua idadi ya vidonge vya mwezi mzima kabla ya kumpigia msambazaji, na hutamfukuza mtu wa kifafa kwa maneno "imekwisha, rudi wiki ijayo." Nunua kwa wasambazaji wenye leseni tu, na zinazokaribia kuisha muda ziwe mbele ya rafu. Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye jokofu kwa nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Soma kipimajoto asubuhi na jioni, andika, na ikiganda barafu itupwe, hata kama imeyeyuka na inaonekana safi.

Mikopo itaombwa. Badala ya kufungua madeni yasiyo na mwisho, napendelea kumuuzia mgonjwa wa maradhi ya kudumu vidonge vya siku saba anavyovimudu, kuliko aende bila kitu. Kwa antibiotiki njia hiyo haifai, kwa sababu nusu dozi ni hasara kwake na kwa wengine. Hapo mtafutieni, wewe na daktari, dawa ya bei nafuu inayofanya kazi ileile.

Faragha na kazi za nje ya duka

Katika mji ambao watu wote wanajuana, msaidizi wako ni mpwa wa mtu fulani na anayesubiri kwenye foleni ni jirani wa mtu mwingine. Anayechukua dawa za virusi vya UKIMWI au vidonge vya kupanga uzazi akisikia jina la dawa yake likitamkwa kwa sauti mara moja, atasafiri hadi mji wa mbali kuanzia siku hiyo, na huenda siku nyingine akakosa nauli na dawa ikakatika. Tenga pembe yenye kiti na pazia, funga dawa kabla ya kumwita mtu, na mfahamishe kila msaidizi kabla ya kumwajiri kwamba kutoa siri ya mteja kutamwondoa kazini. Kisha simamia neno hilo.

Ukitaka kupima presha bure siku moja kwa mwezi, pima ipasavyo, maana kipimo kibovu huzalisha wagonjwa wasiokuwepo. Mtu akae dakika 5 bila kuzungumza, mgongo umeegemea, miguu sakafuni, mkono usawa wa moyo, na awe hajanywa kahawa wala kuvuta sigara kwa nusu saa. Pima mara mbili. Anayerudia 140 kwa 90 au zaidi katika siku tofauti mwandikie barua ya kwenda kwa daktari, na mwenye 180 kwa 120 pamoja na maumivu ya kifua au kichwa kikali asiondoke peke yake.

Pokea pia dawa zilizokwisha muda kutoka majumbani, uziteketeze kwa njia inayoruhusiwa na mamlaka, na weka orodha fupi ya wazee wanaoishi peke yao. Mmoja wao akipitisha siku tatu baada ya tarehe yake ya kuja, apigiwe simu. Orodha hiyo, pamoja na daftari na namba za madaktari, ndiyo utakayomkabidhi anayekushikia nafasi unaposafiri, kaa naye nusu saa, mpitishe ukurasa kwa ukurasa, na umwonyeshe ni nani anasikia kwa sikio moja, ni nani hajui kusoma, na ni nani lazima aambiwe "Jumatatu tu."