Poni amenona kupita kiasi? Mpunguze pole pole na usimlaze njaa

Huku Karen na Langata, Nairobi, poni (farasi wa umbo dogo) wengi hawajui njaa, shida yao ni shibe. Mvua ya Machi mpaka Mei ikinyesha nyasi ya kikuyu inajaa padoki (kiwanja cha malisho kilichozungushiwa ua), poni anashinda humo mchana na usiku anakula tu, Jumamosi watoto wanampanda nusu saa, basi, wiki imeisha. Halafu mgeni anakuja anasema ona vile anapendeza. Mimi ni saisi, mtunza farasi, na nishaona poni wa kupendeza hivyo asubuhi moja amegoma kutoka bandani, miguu ya mbele ameitupa mbele kabisa anaegemea nyuma, kwato ni moto ukishika. Hiyo ndio laminitisi, uvimbe wa ndani ya kwato, na mara nyingi inatokana na unene na sukari ya nyasi.

Sasa kwanza ujue kama kweli ni mnene. Tumbo usiliamini, linaweza kuwa ni nyasi tu. Mpitishie kiganja mbavuni bila kukandamiza, ukizisikia mbavu ni sawa, ukianza kuzitafuta kama shilingi iliyoingia ndani ya godoro ujue kuna kazi. Shika pia mgongo wa shingo, ukiwa mgumu na haupindi hata ukiusukuma hiyo ni mbaya, na uangalie nyuma ya bega na shina la mkia. Wenye kupima wanatumia alama 1 mpaka 9, 5 ndio nzuri, 7 kwenda juu amezidi.

Mizani ya farasi hatuna wengi wetu, tumia futi ya fundi nguo. Pima mzunguko wa kifua nyuma tu ya miguu ya mbele, kisha urefu kutoka ncha ya bega mpaka ncha ya tako, zote kwa sentimita. Mzunguko mara mzunguko mara urefu, gawanya kwa 11,880, unapata kilo. Tuna mmoja anaitwa Mandazi (jina watoto walimpa na walikuwa sahihi), alikuwa 158 kwa 132, yaani kama kilo 277. Sio kamili lakini ukipima wewe mwenyewe kila wiki mbili, saa ile ile, utaona anaenda wapi.

Kabla hujabadilisha chakula muite daktari, kuna poni wananenepa juu ya shida ya insulini na wazee wana mambo yao ya homoni. Na hapa nisikilize vizuri: usimnyime chakula. Watu wanafikiria siku mbili bila kula zitamkausha, wapi, poni mnene akikosa chakula ghafla mafuta yote yanamiminika kwenye damu, ini linashindwa na anaweza kufa, majike wenye mimba ndio hatari zaidi. Pia tumbo la farasi linatoa asidi saa zote, likikaa tupu muda mrefu linapata vidonda.

Kipimo ni kama asilimia 1.5 ya uzito wake kwa siku, ukihesabu chakula bila maji yake. Kwa Mandazi hiyo ni kama kilo 4.2, na kwa kuwa nyasi kavu bado ina maji kidogo inatoka kama kilo 4.6 za nyasi kwenye mizani, tulianza juu kidogo tukashuka kwa wiki mbili hivi. Chini ya hapo ni daktari aseme. Nunua mizani ya kuning'iniza upime, usikadirie kwa mkono, mimi nilikuwa nakadiria miaka na siku nilipopima nilikuta nampa karibu mara mbili, nikanyamaza tu. Gawanya mara nne, weka kwenye neti mbili moja ndani ya nyingine ili ahangaike kuitoa. Nyasi kavu ya boma rhodes iliyokomaa ni nzuri kuliko ile laini ya kijani. Pima ikiwa kavu, kisha loweka kama saa moja, yale maji yanatoka rangi ya chai ya rangi, ni sukari hiyo, mwaga. Usiache usiku kucha kwa joto, inachacha.

Padoki ndio ngumu. Kumfungulia alishe masaa matatu tu hakusaidii sana, poni ni mjanja, akijua muda ni mfupi anakula kama amelipwa. Mvalishe kikapu cha mdomo chenye tundu dogo chini, au mweke kiwanja kisicho na nyasi na neti yake, na kama lazima alishe basi alfajiri, jua likipanda sukari kwenye nyasi inapanda nayo. Molasi na kyubu (chakula cha dukani kilichoshindiliwa) acha. Pumba za ngano pia, hasa kwa anayekula kikuyu, ile nyasi inamfungia kalsiamu na pumba zinaongezea tatizo mpaka mifupa ya uso inaweza kuvimba. Lakini madini na chumvi apate kila siku, kwa sababu ukiloweka nyasi unamwaga na madini.

Halafu karoti. Mzazi, mtoto, askari wa geti, kila mtu ana karoti moja tu. Sisi tulitoa ndoo ya nyasi yake iliyopimwa, anayetaka kumpa kitu achukue hapo.

Kwato zikiwa salama mtembeze, anza dakika 20 kwa mguu, ongeza kidogo kidogo, ndio uingize mchakamchaka na vilima. Akiwa na laminitisi hakuna mazoezi. Akigoma kula, akizubaa, au ukisikia mshipa wa nyuma juu ya kwato unadunda kwa nguvu, daktari siku hiyo hiyo, usingoje kesho.

Akipungua nusu asilimia mpaka asilimia 1 ya uzito wake kwa wiki ni sawa, Mandazi ilikuwa kilo moja unusu hivi. Shingo inachelewa kuliko sehemu zingine, usikate tamaa nayo. Na mvua ya Oktoba ikikaribia toa kile kikapu uangalie kamba zake mapema, kabla nyasi haijaanza kuchipua.